Chanzo rejea cha mionzi ni nini?

Muuza duka akiishuku mizani yake hutafuta jiwe la kilo moja lililokwisha kuhakikiwa, akaliweka na kutazama mshale unasimama wapi. Chanzo rejea ndilo jiwe hilo kwa vifaa vya kupimia mionzi.

Ukikiona hakitishi. Mara nyingi ni kisahani cha plastiki chenye upana wa sentimita mbili na nusu hivi, kilichofungiwa ndani chembe kidogo sana ya kitu kinachotoa mionzi: seziamu-137, kobalti-60 au amerisiamu-241. Thamani yake iko kwenye cheti. Cheti hutaja aina ya atomu, idadi ya bekereli (bekereli moja ni kiini kimoja cha atomu kuvunjika kila sekunde), kipimo kinaweza kupotoka kwa kiasi gani, na tarehe kilipochukuliwa.

Tarehe hiyo ndiyo huwaponza wengi. Jiwe la mizani halipungui likikaa kabatini; chanzo cha mionzi kinapungua. Nusu uhai (muda wa mionzi kupungua hadi nusu) wa seziamu-137 ni miaka 30 hivi, lakini wa kobalti-60 ni miaka 5.27 tu. Kobalti iliyoingia maabara ikiwa na bekereli 40,000, baada ya miaka kumi na nusu imebaki na kama 10,000. Fundi asiyepiga hesabu hiyo atakilaumu kifaa kizima bure.

Kuna pia mkanganyiko wa matumizi. Chanzo cha kukagulia hujibu swali dogo: je, kifaa kimesoma leo kama kilivyosoma jana? Ugezi, yaani kulinganisha kifaa na kiwango kinachojulikana ili kisome sawasawa, ni kazi nzito zaidi. Hutaka chanzo ambacho namba zake zinafuatana, kipimo kwa kipimo, hadi kwenye maabara ya taifa ya viwango, kama NIST ya Marekani au PTB ya Ujerumani. Bila mnyororo huo, cheti ni karatasi tu.

Kukipata si suala la kuagiza mtandaoni na kungoja mzigo. Kwa Tanzania, mwenye mamlaka ni Tume ya Nguvu za Atomiki (TAEC), na kwa Kenya ni mamlaka ya kudhibiti nyuklia (KNRA): kibali cha kuingiza, kumiliki na kusafirisha hutangulia fedha. Uliza mapema pia nani atakichukua kikishachoka, maana hakitupwi jalalani.

Kwa kujaribu tu kama kifaa kiko hai, mbolea ya MOP inatosha. Ni kloridi ya potasiamu, na potasiamu yote duniani ina kiasi kidogo cha potasiamu-40. Ukikisogeza kifaa chenye hisia nzuri kwenye mfuko wake, hesabu hupanda. Hospitali au kiwanda chenye kifaa kimoja au viwili, kwa maoni yangu, hakina haja ya kununua chanzo cha ugezi kabisa. Kifaa kipelekwe kwenye maabara ya ugezi, kama ile ya TAEC jijini Arusha, kirudi na cheti chake.