Je, wajua Benki ya Dunia ilibadilishaje ushauri wake wa pensheni?

Mwaka 1994 Benki ya Dunia ilitoa ripoti nene iliyozionya serikali kwamba wazee wanaongezeka, wachangiaji wanapungua, na mifuko ya pensheni itakuja kukauka. Ilipendekeza mfumo wa nguzo tatu, lakini iliyopigiwa debe zaidi ni ile ya akaunti binafsi ya kila mfanyakazi, inayosimamiwa na kampuni.

Mfano ulikuwa tayari. Tangu 1981, chini ya utawala wa kijeshi wa Pinochet, mfanyakazi wa Chile alikatwa asilimia 10 ya mshahara ikaingizwa kwenye akaunti yake, na juu yake akatozwa ada ya kampuni. Mwajiri hakuchangia kitu. Wanajeshi na polisi waliachwa kwenye mfumo wa zamani, jambo ambalo peke yake lingetosha kumtia mtu wasiwasi.

Argentina ikafuata 1994, Hungaria 1998, Polandi 1999. Hapo ndipo hesabu ilipoanza kugoma. Katika mfumo wa zamani, michango ya vijana wa leo ndiyo inayowalipa wazee wa leo. Ukiihamishia kwenye akaunti za vijana wenyewe, wazee wale bado wanadai chao, na anayebaki kuwalipa ni serikali, kwa kodi au kwa mkopo. Kwa nchi za Ulaya pengo hilo lilihesabiwa kama nakisi ya bajeti, na Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha asilimia 3 ya pato la taifa. Argentina ilizirudisha akaunti serikalini 2008. Hungaria ilianza kufanya hivyo mwishoni mwa 2010.

Sasa, taasisi kubwa kama hii hujifunzaje? Kwanza kwa ugomvi wa ndani. Septemba 1999, Joseph Stiglitz, aliyekuwa mchumi mkuu wa Benki yenyewe, pamoja na mchumi mwenzake Peter Orszag, waliwasilisha kwenye mkutano wa Benki mada iliyochambua dhana 10 zilizokuwa zikirudiwa kuhusu akaunti binafsi, mojawapo ikiwa kwamba ushindani wa kampuni utashusha ada. Baadaye kikaja kitengo cha tathmini cha Benki hiyo, ambacho mwaka 2006 kilipitia zaidi ya mikopo 200 iliyotolewa kwa nchi 68. Kilibaini kuwa Benki mara nyingine ilisukuma akaunti hata pale masharti ya msingi yalipokosekana, na kwamba maskini wa sekta isiyo rasmi walisahaulika.

Chile inaonyesha walivyosahaulika. Ili mtu apate pensheni ya kima cha chini ilibidi awe amechangia miaka 20. Mwanamke aliyefanya kazi za ndani, akaacha kulea watoto, kisha akauza vitu mtaani, angeifikishia wapi? Mwaka 2008, serikali ya Rais Bachelet ilianzisha pensheni inayolipwa kwa kodi za serikali kwa wazee wa kaya zenye kipato kidogo, bila kuuliza walichangia nini.

Benki haikusimama hadharani na kusema tulikosea. Mwaka 2005 nguzo tatu zikawa tano, na mojawapo ikaitwa nguzo sifuri: malipo ya msingi kwa mzee, hata kama hakuwahi kuchangia. Kwangu hii ndiyo namna ya taasisi kugeuka bila kuonekana imegeuka. Unaongeza mambo mapya, na yale ya zamani unayaacha yafifie.

Shirika la Kazi Duniani halikuhitaji kugeuka kimyakimya hivyo, kwa sababu tangu mwanzo lilipinga akaunti zichukue nafasi ya hifadhi ya jamii ya pamoja. Mwaka 2018 lilihesabu nchi 30 zilizobinafsisha pensheni kati ya 1981 na 2014, na 18 kati yake zilikuwa zimeshageuza uamuzi huo, wote au sehemu yake.

Zanzibar yenyewe iliruka hatua hizo zote. Aprili 2016 ilianza kumlipa kila mkaazi mwenye miaka 70 na kuendelea shilingi 20,000 kwa mwezi kutoka bajeti yake, awe alikuwa karani au mvuvi.