Uakisi wa maji kwenye picha ya msitu wa theluji ni nini hasa?

Kwa wanaochora kwa rangi za mafuta, uakisi ni ile sura ya miti, mbingu na kingo za mto inayoonekana majini ikiwa juu chini. Wengi wanaoanza wanachora msitu wao wa theluji vizuri kabisa, halafu wakifika kwenye maji wanapindua tu walichochora juu, mstari kwa mstari, na picha inakataa, unaona kabisa kuna kitu hakijakaa sawa ila huwezi kukisema.

Kitu chenyewe ni hiki: maji hayaoni unachokiona wewe. Wewe umesimama, macho yako yako juu ya ukingo, kwa hiyo theluji iliyolala pale unaiona yote, nyeupe pee. Maji yako chini, yanautazama ukingo kutokea chini, sasa hiyo theluji ya juu yataionea wapi? Ndo maana majini unakuta utepe mwembamba tu wa weupe, au haupo kabisa, na nafasi kubwa inachukuliwa na udongo mweusi na mizizi ya ubavuni. Matawi nayo ni hivyo hivyo, mgongoni yamebeba theluji lakini majini unaona matumbo yake, ya kahawia na meusi.

Peder Mørk Mønsted, mchoraji wa Denmark (1859-1941), alichora sana vijito vya msituni wakati wa theluji na kwa jambo hili mimi namweka mbele ya wengi. Tafuta picha zake mtandaoni, ukuze sehemu ya maji peke yake uangalie giza lilivyo jingi pale.

Halafu usichanganye uakisi na kivuli. Kivuli kinafuata jua, kinaweza kulala upande wowote, ila uakisi unashuka wima kuja kwako, na mti ulioinama kushoto utainama kushoto na majini. Rangi pia zinabadilika kidogo, kilicho cheupe kinafifia kwa sababu mwanga mwingine unazama badala ya kurudi, na kilicho cheusi sana kinapauka kwa sababu mwanga unaotoka ndani ya maji yenyewe unajichanganya nacho. Ukitazama maji wima chini ya miguu yako yanarudisha kama asilimia 2 tu ya mwanga, ndo maana hapo unaona mawe ya chini, lakini kwa mbali, unapoyatazama kwa mlazo, yanakuwa kioo.

Mafuta ya kitani, yale yanayochanganywa na unga wa rangi kutengeneza rangi za mafuta, yanakauka taratibu, siku kadhaa, na hiyo ndo raha ya rangi hizi kwenye maji. Weka rangi ya miti ikiwa mbichi (bluu ya ultramarini na kahawia iliyoungua, yaani burnt umber, ukizichanganya zinatoa giza zuri kuliko nyeusi ya tyubu), ivute wima kwenda chini kwa brashi bapa, kisha chukua brashi laini kavu upitishe mlalo, kwa wepesi sana, kingo zilainike. Nyeupe tupu itunze kwa theluji inayopigwa na jua, theluji ya kivulini itie bluu maana inaangazwa na mbingu. Viwimbi vije mwisho, mistari miwili mitatu ya mlalo, myembamba, na usirudi kuigusa tena.