Kila mtoto hoi na dripu yake

Jumamosi iliyopita, kwenye kundi letu la kujiandaa na mtihani wa leseni, nilitoa swali ambalo nimelitoa mara nyingi mpaka nimelichoka. Mtoto wa miezi 20, kilo 12, homa siku tatu. Viganja vyeupe, anahema kwa kasi, mikono ya baridi, ini limevuka mbavu. Kipimo cha malaria chanya, Hb, yaani kipimo cha wingi wa damu, 3.8. Nesi, unaanza na nini?

Walikuwa kumi na mmoja. Tisa wakajibu: "Namfungulia dripu, madam." Nikauliza kwa nini. Binti mmoja, bila hata kupepesa macho: "ABC, madam. C ni maji. Na hata nikikosea, maji hayajawahi kuua mtu."

ABC ndio mpangilio wetu wa dharura: A njia ya hewa, B upumuaji, halafu hiyo C. Na hilo la maji kutoua anasema akiwa Mwanza. Nikamwambia ateremke Mwaloni pale Kirumba akawaeleze wavuvi.

Najua imani hii inakotoka. Huku kwetu mgonjwa hajatibiwa mpaka chupa itundikwe. Bibi atakuja na mjukuu kutoka Magu, utampa dawa ya mseto, utamweleza vizuri, ataitikia kwa heshima zote, kisha anageuka mlangoni: "Sasa mwanangu, hata chupa moja ya maji hujamwekea?" Bibi simlaumu, maana chupa anaiona na tone analihesabu. Ugomvi wangu ni na wewe uliyekaa chuoni miaka mitatu ukatoka na imani ileile ya bibi, ila wewe umeivalisha yunifomu.

C si maji. C ni mzunguko wa damu, na kazi yako ya kwanza hapo ni kuukagua. Shirika la Afya Duniani lilishaliweka sawa mwaka 2016: mtoto mwenye homa kali yuko kwenye shoki, yaani mzunguko wa damu umeshindwa, akiwa na dalili zote tatu kwa pamoja, yaani mikono na miguu ya baridi, rangi kuchelewa kurudi zaidi ya sekunde 3 baada ya kubonyeza, na mapigo dhaifu yanayokwenda mbio. Zote tatu, jamani. Mnaona moja mnatia tiki tatu.

Chukua hiyo mikono ya baridi. Mtoto ametoka Igoma saa kumi na moja alfajiri, mvua inanyesha, wamepakiana na mama yake kwenye bodaboda, kanga imelowa. Mikono ingekuwa ya moto kwa lipi? Mfunike, ngoja kidogo, mshike tena. Panda na mkono kutoka kiganjani kwenda kwenye kiwiko, uone baridi inaishia wapi. Kubonyeza nako kuna namna yake: ukucha au mfupa wa kifua, sekunde 5, achia, hesabu. Wengi mnabonyeza kama mnabonyeza kitufe cha simu. Na hapa niseme ukweli ambao mtihani hautaki kuusikia: kwa mtoto mweupe kiasi hicho, mimi mwenyewe baada ya miaka yote hii wakati mwingine sioni rangi ikirudi, kwa sababu hakuna rangi ya kurudi. Nimewahi kubishana na mwenzangu juu ya mtoto mmoja, yeye anasema sekunde 2, mimi nasema 4, tumesimama kitanda kimoja.

Sasa hilo la maji kutoua. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na hapa Tanzania. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko mbovu wa damu, zaidi ya nusu wakiwa na malaria. Wengine walipewa maji mengi kwa haraka mshipani, wengine hawakupewa hayo ya haraka. Ndani ya saa 48, waliomiminiwa walikufa karibu 10.5 katika kila 100, wasiomiminiwa, 7.3. Hao ni watoto wetu, kwenye wodi kama zetu. Na usikimbilie kuniambia "maji yalijaa mapafuni," kwa sababu walipochambua vifo hivyo baadaye, vingi vilionekana kuwa vya moyo na mzunguko kuzimika. Kwa nini hasa? Wataalamu bado wanavutana, na mimi sina cha kuwaamulia.

Nina sababu nyingine ya kukasirika. Mwaka wangu wa pili kazini, zamu ya usiku, kituo kimoja ng'ambo ya ziwa, nililetewa mtoto anayefanana sana na huyu wa swali. Damu ilikuwa upande wa pili wa maji na kivuko cha mwisho kilishaondoka. Nikaifungulia dripu ikimbie, kama nilivyofundishwa. Haikufika saa moja akaanza kukohoa na kukoroma. Hakufika asubuhi. Kwa Hb ile pengine angeondoka hata ningekaa nimekunja mikono. Hilo ninajiambia mpaka leo, na silimalizi.

Jibu la swali, basi. Oksijeni kama kipimo cha oksijeni kwenye damu kiko chini ya asilimia 90. Sukari, usisahau sukari: ikiwa chini ya 2.5 mmol/L mpe dekstrosi (maji ya sukari ya mshipani) ya asilimia 10, mililita 5 kwa kilo, yaani 60. Damu ya kumwongezea ipimwe kundi na ulinganifu sasa hivi, si baada ya kuandika faili. Artesuneti, sindano ya malaria kali, mnaijua, chini ya kilo 20 ni miligramu 3 kwa kilo, huyu anapata 36. Saa sifuri, 12, 24. Songa.

Halafu kuna wanaonisikia vibaya. Mmoja aliniuliza kama basi hata mwenye kipindupindu tumnyime. Hapana! Mtoto huyohuyo wa kilo 12, safari hii anaharisha maji ya mchele, macho yamezama, ngozi ukiifinya inabaki imesimama, hawezi kunywa: huyo amepoteza maji, mrudishie maji. Dripu ya Ringa, mililita 360 kwa nusu saa, kisha 840 kwa saa mbili na nusu. Kwenye mtihani watakuuliza matone: kwa seti ya dripu ya matone 20 kwa mililita, hizo 360 za mwanzo ni matone 240 kwa dakika. Andika upate maksi. Wodini hakuna jicho linalohesabu matone 240. Bandika plasta kwenye chupa, andika saa, kaa naye.

Jumamosi hii ninaleta mtoto wa tatu. Anatoka Ukerewe, miguu imevimba, nywele zimekuwa nyekundu, anaharisha maji mengi na kijijini kwao kuna kipindupindu, ila anakunywa. Nusu yenu mtaandika dripu. Nusu mtaandika ReSoMal, ile ORS maalumu ya wenye utapiamlo, kwa sababu mmeona utapiamlo, wakati kwa kipindupindu anapewa ORS ya kawaida. Nimeshakutajia jibu, na bado nakuwekea dau la sahani ya sato kwamba kuna atakayeitafuta kanula ya kuwekea dripu.