Chumba kisichorudishiwa hela: ukiugua, ni nani anayebeba hasara?

Ukitafuta chumba Nungwi, Diani au London kwenye mtandao, hoteli ileile huwa na bei mbili. Ya juu inakuruhusu kughairi hadi siku moja au mbili kabla ya kufika. Ya chini, pengine kwa asilimia 10 au 15, imeambatana na mstari mdogo unaosema ukighairi hurudishiwi kitu. Wengi wetu tunabonyeza ya chini. Mpaka mtoto alazwe, au simu ya msiba ipigwe usiku, ndipo tunaurudia ule mstari kuusoma vizuri. Na ushauri unaomiminika kwenye magrupu ya WhatsApp siku hiyo, mwingi wake si wa kweli.

"Hawawezi kula hela ya mgonjwa"

Wanaweza, na mkataba unawaruhusu. Lile punguzo la bei halikuwa zawadi. Ni malipo uliyopewa ili ubebe wewe hatari ambayo kwa bei ya juu ingebebwa na hoteli. Ukiugua ukiwa umelipa bei ya juu na ukaghairi kwa wakati, chumba kitupu ni hasara yao. Ukiugua ukiwa umelipa bei ya chini, ni hasara yako. Sisemi hivyo ni haki mbele ya Mungu. Nasema ndicho kilichouzwa, na ndicho kilichonunuliwa.

Kuna wanaokimbilia sheria: dharura ni dharura, mkataba umekufa wenyewe. Tanzania Bara, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 56, inasema kweli kwamba mkataba unabatilika pale jambo lililoahidiwa linaposhindikana kutendeka baada ya kukubaliana. Lakini hoteli iliahidi nini? Chumba. Chumba kipo, kimefagiliwa na shuka zimetandikwa. Kilichoshindikana ni wewe kufika, na hilo ni jambo jingine.

Wanaosomea sheria Afrika Mashariki huijua kesi moja ya Uingereza inayolionyesha hili vizuri. Juni 1902 London ilikuwa ikijiandaa kumtawaza Mfalme Edward VII. Bwana Henry akakodi vyumba vya bwana Krell katika mtaa wa Pall Mall, kwa mchana wa tarehe 26 na 27, ili aone msafara ukipita. Bei ilikuwa pauni 75, akatanguliza 25. Tarehe 24 mfalme akafanyiwa upasuaji wa tumbo na sherehe zikaahirishwa hadi Agosti. Mwaka 1903 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba Henry halazimiki kulipa zile 50 zilizobaki. Watu huishia hapo na kushangilia. Ila aliyeugua alikuwa mfalme, ambaye bila yeye vyumba vile visingekodiwa kabisa, na pande zote mbili zililijua hilo. Angeugua Henry mwenyewe kwa mafua, kesi ingekuwa nyingine kabisa. Tena zile pauni 25 zilibaki kwa Krell, maana Henry aliacha kuzidai rufaa ilipofika. Ni mwaka 1943 ndipo Uingereza ilipokuja kurekebisha sheria kuhusu hela iliyotangulizwa.

"Boti zimesimama, hoteli lazima irudishe"

Mwanzoni mwa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokaribia, boti za Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamishwa. Mgeni aliyekwama Dar alikuwa na dai dhidi ya kampuni ya boti kuhusu tiketi yake. Dhidi ya hoteli iliyokuwa wazi Unguja, kwa bei isiyorudishwa, hakuwa na dai la namna hiyo. Hoteli nyingi huwasogezea wageni tarehe katika hali kama hizo, lakini huo ni uungwana wao.

Wiki ileile, Mei 1, Mto Talek ulivunja kingo zake Maasai Mara. Kambi zilifunikwa na maji na watalii wakaondolewa kwa helikopta. Hapo mambo yanageuka, kwa sababu aliyeshindwa kutoa alichouza ni mwenye kambi. Mstari wa "hairudishwi" unahusu mteja anayeghairi. Haumpi mwenye nyumba ruhusa ya kubaki na hela ya kitanda kilicho chini ya maji. Kwa hiyo kabla hujabonyeza "ghairi" kwa hofu, uliza kwanza kama hoteli yenyewe inafanya kazi. Ukiwahi kughairi wewe, umejitia mwenyewe upande wa hasara.

"Nina siku 14 za kubadili mawazo, nipo Ulaya"

Hii inawapata sana ndugu zetu wa Ujerumani, Uholanzi na Uingereza wanaokata likizo ya kuja nyumbani. Siku 14 zipo kweli kwa anayenunua viatu au simu mtandaoni, kwa Agizo la Umoja wa Ulaya la 2011/83. Kifungu cha 16 cha agizo hilohilo kinatoa nje malazi yaliyowekewa tarehe maalumu. Kanuni za Uingereza za 2013 zina msamaha kama huo.

Marekani nako watu huichanganya kanuni ya ndege na ya hoteli. Ile ya saa 24 za kughairi tiketi bila gharama, ukiwa umenunua siku saba au zaidi kabla ya safari, inahusu mashirika ya ndege. Jimbo la California ndilo lililoleta kitu cha kufanana kwa hoteli, kuanzia Julai 1, 2024: saa 24 za kughairi, mradi nafasi iliwekwa angalau saa 72 kabla ya kuingia. Usiibebe sheria hiyo hadi Mombasa.

Wanaonunua ndege na hoteli kama kifurushi kimoja Ulaya wana ulinzi zaidi. Pakitokea balaa kubwa lisiloepukika kule waendako, wanaweza kughairi na kurudishiwa zote. Homa ya msafiri mwenyewe haimo humo. Ila kifurushi unaweza kumpa mtu mwingine asafiri badala yako, ukitoa taarifa siku saba kabla na kulipia gharama za kubadili.

"Bima ya Schengen si ninayo?"

Unayo, na haitakusaidia kwa hili. Bima inayodaiwa kwenye viza ya Schengen (viza moja ya nchi nyingi za Ulaya), ya angalau euro 30,000, ni ya matibabu ya dharura, kulazwa, na kurudishwa kwenu ukiwa mgonjwa au marehemu. Inamhudumia mtu aliyekwishafika. Aliyeugulia Kinondoni kabla ya kupanda ndege haimgusi. Ndivyo ilivyo pia bima ya dola 44 ambayo Zanzibar inawatoza wageni kutoka nje tangu Oktoba 1, 2024: inamhusu mgeni akiwa visiwani, si aliyebaki kwao Milano.

Nikiwa hapohapo kwenye viza: ubalozi unataka uthibitisho wa mahali utakapolala. Haudai chumba kiwe cha aina isiyorudishwa. Mtu anayelipia chumba kama hicho Paris ili aonekane makini, kisha viza ikakataliwa, ametupa hela bure. Bima nyingi hazilipii viza iliyokataliwa.

Unachohitaji ni bima yenye kipengele cha kughairi safari, na ununue mapema, ikiwezekana siku uliyolipia chumba. Ukinunua baada ya homa kuanza, au baada ya kimbunga kutangazwa, jambo hilo halimo tena kwa sababu limekwishajulikana. Maradhi uliyokuwa nayo kabla, kama kisukari au presha, yatangaze hata kama bei itapanda. Usipoyatangaza, ndiyo sababu ya kwanza watakayoitafuta.

Halafu kuna suala la familia, na hapa naona watu wetu wakiumia kuliko wengine. Bima hulipa pia ukighairi kwa ugonjwa mzito au kifo cha ndugu wa karibu, na huandika orodha ya ndugu hao: mke au mume, wazazi, watoto, kaka na dada, mara nyingi babu na bibi na wakwe. Sasa mama mdogo aliyekulea tangu una miaka minne yuko wapi? Kwetu ni mama, hakuna mjadala. Kwenye karatasi zao za Kiingereza ni "aunt" tu, na "aunt" huenda hayumo. Baba mkubwa vilevile, na binamu mnayeitana kaka. Soma orodha hiyo kabla ya kulipa, na kama mtu unayemtegemea au anayekutegemea hayumo, uliza kwa maandishi kama anaweza kuongezwa. Wapo wanaokubali.

Marekani huuzwa pia bima ya kughairi kwa sababu yoyote ile. Ni ghali zaidi, kwa kawaida hurudisha asilimia 50 hadi 75, na ina masharti ya siku za kuinunua. Kwa mwenye mzazi mgonjwa nyumbani, pengine inafaa.

"Nikileta barua ya daktari, imekwisha"

Barua ya daktari ni ushahidi kwa kampuni ya bima. Kwa hoteli ni maombi. Na si kila barua inafaa: isemayo tu "alitibiwa hapa" haitoshi. Inatakiwa itaje tarehe, ieleze kwamba mgonjwa hakuwa katika hali ya kusafiri siku zile, na iandikwe wakati ule wa ugonjwa, si mwezi baadaye ulipokumbuka. Jambo jingine lisilosemwa: bima itakudai pia karatasi ya hoteli inayoonyesha uliomba ukakataliwa, na kiasi gani hakikurudishwa. Kwa hiyo hata hoteli inayokukatalia ina kitu cha kukupa. Waombe wakuandikie. Na ghairi mara tu daktari anaposema huwezi kusafiri, kwani bima nyingi hazilipi hasara iliyoongezeka kwa kuwa ulisubiri.

"Nitawapinga kupitia benki"

Kupinga malipo ya kadi ya Visa au Mastercard kuna mahali pake: hoteli imefungwa, umekatwa mara mbili, masharti hayakuonyeshwa kabla ya kulipa, au waliahidi kwa maandishi kurudisha na hawakurudisha. Kama masharti yalikuwa kwenye skrini na ukayakubali, hoteli itatuma nakala hiyo kwa benki yake na utashindwa. Aliyelipa kwa M-Pesa ndiye mwenye nafasi finyu kabisa. Kurudishwa kwa muamala kumewekwa kwa ajili ya pesa iliyokwenda mahali pasipo, na hoteli uliyoikusudia si mahali pasipo.

"Airbnb wana ubinadamu zaidi"

Airbnb ni mtandao wa kukodi nyumba za watu binafsi. Sera yao ya dharura, iliyopewa jina jipya na masharti mapya Juni 6, 2024, inahusu matukio makubwa pale nyumba ilipo: majanga ya asili, mlipuko wa ugonjwa uliotangazwa, serikali kuzuia safari. Ugonjwa au jeraha la mgeni mmoja havimo. Unabaki na masharti aliyochagua mwenye nyumba, na huruma yake.

"Booking ndio waliokataa"

Booking.com, mtandao wa kuweka nafasi za hoteli, ina kitufe cha kuomba usamehewe gharama za kughairi, lakini ombi hilo huenda hotelini, na hoteli ndiyo inayojibu. Ikisamehe, kwa kawaida mtandao nao hauchukui kamisheni yake. Kwa hiyo ukiambiwa na mapokezi kwamba "hiyo ni ya Booking", omba kwa adabu kuzungumza na meneja au mtu wa nafasi za vyumba, na tuma ombi kupitia mfumo wakati huohuo ili jibu liwe na pa kuandikwa.

Omba kitu ambacho meneja anaweza kukubali bila kumpigia mwenye mali simu. Kurudisha hela zote ndilo gumu kuliko yote. Kusogeza tarehe ni rahisi zaidi, hasa ukitaja miezi ya mvua ambapo vyumba viko tupu. Aprili pwani, nani atakukatalia? Kubadili jina ili ndugu au rafiki akalale badala yako ni rahisi zaidi bado, na hoteli nyingi hazina tatizo nalo, ingawa wachache hulifikiria. Na kama ni siku za Pasaka au mwisho wa mwaka, waambie: mkikiuza tena chumba hiki, mnirudishie kilichopatikana. Hilo ni pendekezo la kibiashara, na meneja huliona hivyo.

Kuna ujanja wa kusogeza tarehe hadi mwezi ujao kisha kughairi bure. Hoteli zinaujua siku nyingi. Tarehe mpya hubeba masharti ya zamani.

"Nimelipa, nikichelewa siku moja chumba kinanisubiri"

Huenda kisikusubiri, hata kama umelipia usiku tano. Asiyetokea usiku wa kwanza bila taarifa, mfumo wa hoteli nyingi humwandika hakufika na kufuta usiku zote zilizobaki. Kisha chumba kinauzwa upya na hela yako haijarudi. Septemba 11, 2024, wafanyakazi wa uwanja wa Jomo Kenyatta walipogoma, abiria wengi walikwama Nairobi kutwa nzima. Ukikumbwa na siku kama hiyo, tuma ujumbe kabla ya saa kumi na mbili jioni ya siku ya kuingia: jina, namba ya nafasi, saa unayotarajia kufika kesho, na ombi kwamba wasiifute. Ukijibiwa kwa simu, waombe waandike pia. Anayekuja zamu ya usiku si yule uliyezungumza naye mchana.