Figo mpya na korona: maneno ya mtaani Mwanza na ukweli wake

Huku kwetu kanda ya ziwa kuna watu wanaishi na figo za kupandikizwa, na tangu Muhimbili waanze kupandikiza mwezi wa 11 mwaka 2017, Benjamin Mkapa pale Dodoma wakafuata 2018, sio lazima tena ukoo mzima uchangishane mtu aende India. Wanarudi nyumbani Igoma, Buhongwa, Sengerema, Ukerewe, wamenawiri, na hapo ndo shida inapoanzia, sababu sisi tukishamuona mtu amenawiri tunamhesabu mzima, alafu korona ikimpata tunamshauri kama tunavyomshauri mtu yeyote. Nimeona niandike yale ninayoyasikia sana, maana mengine yanaweza kumpotezea mtu figo aliyopewa na ndugu yake wa damu.

La kwanza ni hili la "si alishapona?" Hapana. Figo ya mtu mwingine ikiwekwa mwilini, mwili unajua sio yake na unataka kuishambulia, leo, kesho, hata baada ya miaka 10. Kinachouzuia ni dawa za kushusha kinga, na hizo mtu anameza muda wote anaoishi na ile figo. Shemeji yangu simu yake inalia saa mbili asubuhi na saa mbili usiku kila siku, hata tukiwa msibani anatoka pembeni na kikopo chake cha maji anameza takrolimasi, kuna na maikofenoleti, kuna na prednisoloni, na siku ya kwenda kupima kiwango cha dawa kwenye damu hamezi ile ya asubuhi mpaka atolewe damu kwanza. Kwahiyo kinga yake iko chini na imeshushwa makusudi, ndo maana yuko hai bila mashine ya kusafisha damu. Ukishika hapo, mengine yote nitakayosema utayaelewa.

Sasa kuna dhana nyingine hii inatoka kwa watu waliosoma, wanasema korona inaua sababu kinga ya mwili inachachamaa kupita kiasi, basi mwenye kinga ya chini yuko salama zaidi. Ni kweli kwa wagonjwa mahututi kinga kuchachamaa ni sehemu ya madhara, na ni kweli pia deksamethasoni, dawa ya kutuliza kinga ya jamii moja na prednisoloni, inawasaidia wanaohitaji oksijeni. Lakini kwa waliopandikizwa figo hesabu ilikuja vibaya mapema sana. Hospitali ya Montefiore kule New York waliripoti mwaka 2020 wagonjwa wao 36 wenye figo za kupandikizwa waliopata korona, 10 wakafariki ndani ya wiki chache. Hiyo ilikuwa kabla ya chanjo, na sasa hali ni nafuu kuliko hapo, ila ile imani kwamba prednisoloni anayomeza kila siku inamkinga na korona iacheni. Na walio hatarini zaidi ni wale wa miezi ya mwanzo baada ya upasuaji, pamoja na wale waliotibiwa karibuni kwa dawa kali baada ya mwili kutaka kuikataa figo.

Nije kwenye nyungu, sababu hapa Mwanza hili ni kubwa na linafanywa kwa upendo. Majirani wakisikia mtu ana mafua mazito na kifua kinabana, jioni utaona sufuria imekuja imejaa majani ya mwarobaini, mchaichai, majani ya mlimao, tangawizi imepondwa humo, mgonjwa anafunikwa blanketi anatoka jasho mpaka godoro linalowa. Mvuke hauui kirusi kilichoko kwenye mapafu. Kwa mtu wa kawaida pengine ataishia kuchoka tu, ila kwa mwenye figo moja ya kupandikizwa, ambaye labda tayari ana homa na anaharisha, lile jasho lote ni maji yanayotoka mwilini, na figo ikikosa maji inaumia haraka. Akishanyanyuka hapo anapewa na kikombe cha dawa ya majani ya "kuongeza kinga". Jamani, huyu mtu anatumia dawa ili kinga ishuke! Dawa ya kuongeza kinga ovyo ni kitu kinachoweza kuiamshia figo vita, alafu kuna mimea inayoingiliana na takrolimasi ndani ya damu, mingine inaipandisha mingine inaishusha. Hata tunda la balungi linaipandisha, ndo maana kliniki wanawakataza. Kama balungi tu lina uwezo huo, mchanganyiko wa majani kumi usiojua kipimo chake unampaje?

Ndugu wa nyungu ni duka la dawa. Korona huku ilishazoeleka kutibiwa kwa azuma na diklofenaki, mtu anaelekezwa dirishani anapewa. Azuma ni dawa ya bakteria, ilijaribiwa kwenye utafiti mkubwa kule Uingereza kwa wagonjwa wa korona waliolazwa ikaonekana haisaidii. Muuzaji akikosa azuma akakupa erithromaisini au klarithromaisini, hapo ni hatari zaidi, hizo zinapandisha takrolimasi kwenye damu mpaka inakuwa sumu kwa figo ileile inayolindwa. Diklofenaki na ibuprofeni zinabana damu inayoingia kwenye figo, mwenye figo ya kupandikizwa asiziguse bila daktari wake kusema. Homa na maumivu ameze paracetamol, kwa kipimo chake.

Hata dawa halisi ya korona ina mtego wake. Paxlovid ni dawa nzuri kwa walio hatarini, lakini ndani yake kuna ritonaviri, na hiyo inazuia ini lisiivunje takrolimasi, ndani ya siku chache tu kiwango kinaruka, mikono inaanza kutetemeka, kichwa kinauma, krietinini (kipimo cha damu kinachoonyesha figo inavyofanya kazi) inapanda. Sio kwamba haitumiki kabisa, inatumika na wataalamu, wakisimamisha au kupunguza takrolimasi na kupima damu karibu karibu. Kwahiyo kama ndugu yako wa nje amekutumia boksi, usimpe mgonjwa kabla ya kupiga simu kliniki ya figo.

Alafu kuna wanaosema, basi kama dawa ndo zinashusha kinga, aziache zote mpaka korona iishe. Hili ndo linaniumiza kuliko yote sababu linasikika lina akili. Madaktari kweli huwa wanapunguza au kusimamisha kwa muda, mara nyingi wanaanza na maikofenoleti, na wanaangalia mgonjwa yuko hatua gani, lakini prednisoloni haikatwi ghafla na takrolimasi hairekebishwi kwa kubahatisha. Mtu akiziacha zote nyumbani kwake mwili unaweza kuikataa figo, anamaliza korona anarudi kwenye mashine ya kusafisha damu, na figo nyingine atapewa na nani?

Chanjo nayo ina maneno yake. Tarehe 28 mwezi wa 7 mwaka 2021 Rais Samia alichanjwa hadharani, zikaanza kutolewa za Johnson & Johnson na baadae nyingine, na hapohapo ikasambaa kwamba waliopandikizwa wasichanjwe, chanjo itaamsha kinga iishambulie figo. Haikuwa hivyo. Hakuna hata moja kati ya zile chanjo za UVIKO zilizotumika hapa nchini iliyokuwa na kirusi cha korona kilicho hai, na mashirika ya upandikizaji duniani yaliwahimiza wachanjwe. Pengine hofu ilitokana na chanjo ya homa ya manjano, ambayo yenyewe ina kirusi hai kilichodhoofishwa na kweli hawatakiwi kuipata. Ila kuna upande wa pili nao ni dhana potofu: "nimechanjwa, nimemaliza". Chuo cha Johns Hopkins kule Marekani waliwapima watu 658 waliopandikizwa viungo mbalimbali baada ya dozi mbili za chanjo za mRNA (kama Pfizer na Moderna), waliotengeneza kingamwili walikuwa asilimia 54 tu, na wanaotumia dawa za kundi la maikofenoleti ndo walifanya vibaya zaidi. Toulouse, Ufaransa, kwa waliopandikizwa waliopimwa huko, dozi ya tatu ilipandisha wenye kingamwili kutoka asilimia 40 hadi 68. Ndo maana mwezi wa 10 mwaka 2021 washauri wa WHO (Shirika la Afya Duniani) walisema wenye kinga ya chini waongezewe dozi. Na ndo maana wanaoishi naye nyumba moja chanjo zao zinamhusu pia, anayelala nae, watoto wakubwa, dada wa kazi.

Ile ya kwamba ndugu aliyetoa figo naye kinga yake imeshuka sio kweli, ye hamezi dawa hizo, kinga yake ni ya kawaida kabisa.

Na "mbona hana homa?" Prednisoloni inaweza kuificha homa. Wengine dalili ya kwanza ni kuharisha, na kuharisha kwenyewe kunapandisha takrolimasi kwenye damu, watu wanadhani ni chakula tu. Huku ziwani tena kila homa tunaiita malaria, mtu anameza mseto bila kupima. Apimwe malaria, apimwe korona, apimwe na mkojo, siku hiyohiyo. Kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni kikisoma chini ya 94, au akipumua kwa shida, au mkojo ukipungua, aende hospitali asisubiri kuche. Kwa aliyeko Nansio, kisiwani Ukerewe, hilo ni la kulipangia mapema, sababu kivuko kina saa zake: namba ya kliniki iwe kwenye simu zaidi ya moja pale nyumbani, na orodha ya dawa anazomeza pamoja na vipimo vyake iwe imeandikwa kwenye karatasi, ili daktari wa kwanza atakayemuona ajue anashughulika na nani.

Mwisho wapo wanaosema korona imeisha. WHO waliondoa hali ya dharura tarehe 5 mwezi wa 5 mwaka 2023, kirusi hawakusema kimeisha. Na mtu mwenye kinga iliyoshushwa anaweza kukaa nacho wiki nyingi, wengine miezi, wakati wewe umeshapona ndani ya siku kumi. Kwahiyo ukiwa na mafua usiende kumsalimia, mpigie simu, na ye akienda kliniki au akipanda daladala iliyojaa mwacheni avae barakoa yake bila kuulizwa maswali.