Israel haijakataza kuhubiri Injili

Kila habari za Israel zikivuma, ule ujumbe unarudi kwenye magrupu ya makanisa: "Nchi aliyozaliwa Yesu imepiga marufuku kumhubiri Yesu." Hata wachungaji wanausambaza. Si kweli.

Sheria inayotajwa ilipitishwa Desemba 1977. Anayempa au kumwahidi mtu fedha au manufaa mengine ili abadili dini anaweza kufungwa hadi miaka 5. Anayepokea, hadi miaka 3. Kosa ni hongo, si mahubiri. Na haitaji Ukristo popote: Myahudi akimlipa Mkristo aingie Uyahudi, naye kaivunja.

Kwa nini hongo hasa? Hapo ndipo wengi hawafiki. Wayahudi wengi wa Yerusalemu ya miaka ya 1840 walikuwa mafukara, wakiishi kwa sadaka za wenzao wa Ulaya. Shirika la Kianglikana la London, lililoanzishwa 1809 mahususi kwa kuwahubiria Wayahudi, likawafungulia hospitali mwaka 1844. Daktari yupo, dawa zipo, na Injili humo humo. Marabi wakatangaza kuwatenga watakaokwenda kutibiwa pale. Moses Montefiore, tajiri Myahudi wa Uingereza, alikuwa ameshawahi kumtuma daktari Simon Fraenkel na shehena ya dawa mwaka 1843, watu wasilazimike kuchagua kati ya homa na dini yao. Wamisionari waliuona msaada wa hospitali yao kuwa ukarimu, na bila shaka wengi wao waliumaanisha. Lakini mgonjwa asiye na senti anakataaje?

Kumwendea mtoto na kumshawishi abadili dini nako ni kosa. Kwa Wayahudi jambo hili lina jina: Edgardo Mortara, mtoto Myahudi wa miaka 6 wa Bologna, mji wa Italia uliokuwa chini ya utawala wa Papa, aliyechukuliwa na polisi wa Papa mwaka 1858 kwa kuwa mtumishi wa nyumbani alimbatiza kwa siri, na aliyebatizwa hakuruhusiwa kulelewa na Wayahudi. Wazazi walilia dunia nzima ikasikia. Hakurudishwa.

Chuki dhidi ya wamisionari ipo, tena kali, na shirika kama Yad L'Achim, la Wayahudi wa Kiorthodoksi, limekuwa likiwapinga tangu 1950. Ila hasira ya wananchi si kifungu cha sheria. Muswada nao si sheria: mwaka 2023 wabunge Moshe Gafni na Yaakov Asher walipeleka wa kumfunga anayeshawishi watu wabadili dini, na mwezi Machi Waziri Mkuu Netanyahu akasema serikali haitauendeleza. Habari ya kwanza ilifika kila simu. Ya pili haikufika.

Basi, ndugu mnaoandaa mahujaji wa Yerusalemu, waelezeni hivi: kuzungumza imani na mtu mzima aliye tayari kusikiliza si kosa. Kumpa chochote ili abadili dini ni kosa. Na mtoto mwachieni mzazi wake.