Je, wajua kwa nini mshono wa kuchomelea vyuma, ukiwa mnene mara mbili, hugharimu mara nne?

Mteja anaingia karakana ya vyuma, tuseme kule Gerezani, Dar es Salaam. Anataka stendi ya tangi la maji, na anasisitiza: "Fundi, choma nene, isije ikaachia." Fundi anapiga hesabu ya chuma, anaongeza kidogo kwa ajili ya rodi, vile vijiti vinavyoyeyuka kujaza mshono, wanapatana. Faida yake imeshaanza kuyeyuka kabla hajawasha mashine.

Ukiukata mshono wa kona na kuutazama kwa ubavu, utaona pembetatu. Miguu yake, yaani pande mbili zilizoshika vyuma, ikiwa milimita 6 kila mmoja, eneo lake ni 6 × 6 ÷ 2, yaani milimita za mraba 18. Miguu ikiwa 12, eneo linakuwa 72. Mguu umekua mara 2, chuma cha kujazia kimekua mara 4. Nguvu ya mshono lakini hufuata koo lake, yaani umbali kutoka kona ya ndani hadi usoni, na koo limekua mara 2 tu. Tena kama chuma kinachoungwa kina unene wa milimita 6, hiyo nguvu ya ziada haina kazi: kitapinda chenyewe kabla mshono haujaachia. Kilichobaki ni joto jingi, na joto jingi huikunja stendi, halafu fundi anatumia saa nzima kuinyoosha kwa nyundo.

Tugeuze hesabu hiyo iwe rodi. Mita 1 ya mshono wa milimita 6 ina gramu 141 hivi za chuma. Rodi ya geji 10, yaani nene milimita 3 na kidogo, ndefu milimita 350, huacha kwenye kazi gramu 17 hivi. Kingine huruka kama cheche au hutupwa na kisiki, kile kipande cha mwisho cha rodi. Kwa hiyo ni rodi 8 au 9, na kila moja huwaka kwa dakika moja na kidogo. Ni kama dakika 10 za moto. Mshono wa milimita 12 unataka rodi zaidi ya 30.

Wengi husingizia umeme. Ampea 120 kwa volti 25 ni kilowati 3, na dakika 10 za hapo ni nusu uniti. Ongeza kinachopotea ndani ya mashine, unakaribia uniti 1 kwa mita nzima. Umeme siyo unaomla fundi.

Kinachomla ni muda ambao moto haupo. Kwa kazi ya rodi, moto huwaka kama robo tu ya muda wa fundi. Robo tatu zilizobaki anapima, anakata, anashikiza vipande kwa nukta, anabadili rodi, anagonga ganda, anasugua kwa brashi, anapitisha grainda. Zile dakika 10 kwa kweli ni dakika 40 za mtu anayetakiwa kulipwa, na msaidizi wake pembeni. Hapa ndipo mafundi wengi hujipunja, na inauma kuona mtu mwenye mkono mzuri akifunga karakana kwa sababu daftari lake lilihesabu rodi peke yake.

Ndiyo maana pia bei ya futi za mraba hudanganya. Mageti mawili yanaweza kulingana ukubwa na uzito, moja likiwa la mabomba machache yaliyonyooka, jingine limejaa maua. Kila ua ni kipande cha kukata, kukunja, kushikiza na kuchomelea ncha zake zote. Hesabu viungo kwanza, pima jumla ya urefu wa mishono, halafu ndiyo utaje bei.

Na mkato? Mkato mbaya unaoacha mwanya wa milimita 2 kati ya vipande hulazimisha mguu wa milimita 6 uwe 8 ili koo libaki lilelile. Eneo linatoka 18 hadi 32. Dakika moja iliyookolewa kwenye msumeno inadaiwa karibu rodi mara mbili kwenye mshono.

Mtazame fundi mzoefu anavyoligeuza geti juu ya meza, mara tatu, mara nne, kabla ya kila mshono. Anataka kiungo kilale chali. Chuma kilichoyeyuka kikitulia bila kumwagika, anaweza kupandisha ampea na kwenda haraka. Kiungo kikisimama wima au kikiwa juu ya kichwa, mkono lazima upunguze mwendo, na mita ileile inachukua muda mrefu zaidi. Kwa hiyo akikuambia kwamba kuchomelea palepale nyumbani kwako kuna bei yake, mbali na nauli, anamaanisha kwamba ukutani geti haligeuki.